Haki ya Aliye Nyuma Yetu

Tumeletewa swali na ndugu yetu mmoja wa Mombasa, na liliposomwa katika darsa baadhi ya waliohudhuria walicheka. Ndugu huyu asema kwamba siku ya Idi aliwachukua watoto wake hadi Nairobi, akawapeleka katika kiwanja kimoja cha pembea na michezo kilichoko magharibi ya mji. Watu walikuwa wengi kupita kiasi. Alisimama katika foleni ya gurudumu kubwa kwa muda wa saa nzima na zaidi, na mbele yake alikuwako bwana mmoja wa kanzu na kofia, amesimama peke yake, mtulivu, mwenye heshima zake. Zamu ya bwana yule ilipokaribia alipunga mkono, na kutoka chini ya mti wakaja mkewe, na dada zake, na watoto wa dada zake, jumla yao watu tisa, wakaingia mbele pamoja naye. Jioni ilipofika mlango ulifungwa, na walio mwisho wa foleni wakarudishwa. Ndugu yetu auliza: je, bwana yule amekosa adabu tu, au amebeba haki za watu? Na akiwa amebeba haki za watu, ni watu gani? Kisha aongeza swali la pili, kwamba katika kiwanja hicho paliuzwa tikiti ya bei kubwa, ambayo mwenye kuinunua hupita mlango mwingine asisimame foleni hata kidogo. Je, hiyo nayo yafaa?

Waliocheka walisema kuwa haya ni mambo ya watoto na pembea, na kwamba karatasi hii ina mambo makubwa zaidi ya kuyaandika: mali za mayatima zinazoliwa, mahari yanayopandishwa hata vijana wakashindwa kuoa, riba iliyoingia majumbani kwa majina mapya. Sisi hatuoni hivyo. Mtu huweza kuishi umri wake wote asikabidhiwe mali ya yatima hata siku moja. Walakini hapana mtu wa mjini asiyesimama foleni. Benki yuko foleni, hospitali yuko foleni, kivuko cha Likoni yuko foleni. Ikiwa tabia ya mtu hupimwa kwa jambo alitendalo mara kwa mara, basi hapa pana kipimo kizuri.

Wengine nao walikuja kwa mlango mwingine, wakasema kosa halikuwa katika foleni bali katika kwenda huko kabisa, na kwamba fedha za pembea ni fedha za kutupa. Hawa hatukukawia nao. Idi ni siku ya furaha. Yajulikana kwamba Wahabeshi walicheza kwa mikuki na ngao siku ya Idi katika msikiti wa Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie, na Bibi Aisha akatazama mpaka akatosheka. Anayetaka kuwanyima watoto pembea na atafute hoja iliyo bora. Tena foleni ni ile ile hata kwa asiyependa michezo: aende maonyesho ya kilimo ya Jamhuri Park, karibu na Ngong Road, kutazama ng'ombe wa maziwa, ataikuta mlangoni ikimngoja.

Yafaa tumweleze msomaji aliye Lamu au Malindi namna siku ile ilivyo. Asubuhi Waislamu wa Nairobi huswali Idi mahali pengi: katika uwanja wa Sir Ali Muslim Club huko Ngara, katika msikiti wa Jamia katikati ya mji, Eastleigh, Pumwani, na Makina huko Kibera, ambako Wanubi wameishi tangu mwanzo wa karne iliyopita. Ikifika saa nne au saa tano watoto wameshavaa nguo mpya na wameshapewa chochote mkononi, ndipo miguu inapoelekea Uhuru Park. Wengine huja kwa matatu, wengine kwa miguu kutoka Kibera. Pana majani ya kukalia, pana ziwa dogo lenye mashua, pana wapiga picha na wauza maputo. Wenye nafasi zaidi huendelea magharibi, wakapita Kilimani, Lavington na Westlands, wakaenda kwenye viwanja vya kulipia na maduka makubwa yenye pembea za umeme, farasi wa kuzunguka, na magari madogo ya kugongana. Na tangu mwaka 2017 gari la moshi la Madaraka Express lilipoanza safari zake, jamaa zetu wa pwani wamezidi kupanda bara siku hizo.

Katika umati huo yumo baba wa watoto watano ambaye alizihesabu shilingi zake usiku wa kuamkia Idi. Amekwisha kuwaambia watoto: kila mmoja atapanda mara moja, achague mwenyewe. Mtoto aliyechagua gurudumu hakuchagua farasi. Ameshaacha moja kwa ajili ya jingine. Akisimama saa moja na nusu kisha akaambiwa mlango umefungwa, hakupoteza dakika chache kama adhanivyo yule aliyemtangulia kwa hila. Amepoteza Idi yake. Ya pili haiji ila baada ya miezi, na huenda siku hiyo baba hana nauli.

Tufanye hesabu, kwa kuwa hesabu hupunguza maneno. Chukulia kwamba gurudumu hupakia watu 12, na kila safari, pamoja na kupanda na kushuka, ni dakika 6. Basi kila mtu mmoja aliye mbele yako hukugharimu nusu dakika. Watu tisa walioingizwa wamemchelewesha kila aliye nyuma yao dakika nne na nusu. Mtu atasema, dakika nne na nusu ni kitu gani? Kweli si kitu, kwa mmoja. Lakini wakiwa nyuma yao wako watu 80, dakika hizo zimekuwa 360, nazo ni saa sita kamili. Mtu mmoja, kwa kupunga mkono mara moja, amechukua saa sita za watu asiowajua. Na hizo saa si ndilo baya zaidi. Mlango ukifungwa magharibi, wako tisa mwishoni ambao wangalipanda na hawakupanda. Tisa waliingia, tisa wakatoka.

Hapo ndipo jambo linapokuwa zito. Makosa yaliyo baina ya mtu na Mola wake mlango wake ni toba. Ama makosa yaliyo baina ya mtu na mtu, wanavyuoni wametufundisha kwamba toba peke yake haitoshi; hapana budi haki irejee kwa mwenyewe, au mwenyewe atakwe radhi akasamehe. Aliyemwibia jirani kuku amjua jirani, na siku moyo ukimsuta atakwenda kubisha hodi. Bwana yule wa kanzu atabisha hodi kwa nani? Waliorudishwa mlangoni hakuziona nyuso zao. Huenda mmoja ni mtoto wa Kawangware, wa pili ni wa Kangemi, wa tatu amekuja kutoka Machakos wala si Mwislamu (haki ya mtu haiulizi dini yake). Wao wenyewe hawajui kuwa yuko aliyewadhulumu. Waliona tu kwamba watu walikuwa wengi. Dhuluma asiyoijua aliyedhulumiwa, na asiyoihisi aliyedhulumu, italipwa vipi?

Sasa tumtazame bwana yule kwa insafu, kwani hatuamini kuwa ni mtu mwovu. Lau angalikuwa Makadara, Mombasa, siku hiyo hiyo ya Idi, kwenye pembea za watoto, hangalifanya alilolifanya. Nyuma yake angalisimama mtoto wa fundi wake wa nguo, na nyuma ya huyo mjukuu wa mwalimu aliyemfundisha juzuu, na kando wangalikaa kina mama wamjuao tangu akitambaa. Angaliona haya. Tena huenda angalisema, "Mtangulizeni huyu, ni mdogo," na watu wakamsifu kwa murua wake.

Murua ule ni jambo jema na hatutaki kuudharau. Lamu, Mombasa na Unguja zimelelewa nao. Lakini tujiulize ulikuwa ukimlinda nani. Haya ya kujulikana hukulinda wewe na jina lako. Mwenzio humlinda kwa kuwa amjua baba yako tu. Siku utakapokuwa mahali ambapo hapana ajuaye jina lako, haya ile haina kazi, na ndipo itakapoonekana kama ndani yake palikuwa na uadilifu au palikuwa na hofu ya maneno ya watu. Nairobi ni mji wa wageni tangu reli ilipofika pale mwaka 1899. Karibu kila mtu ana pengine anapopaita kwao. Na wageni hao, tuwape haki yao, hawashindwi na uadilifu. Jioni katikati ya mji wafanyakazi hujipanga safu ndefu za kungoja matatu, mvua ikiwanyea, hapana askari wala kamba, na hapana hata mmoja amjuaye jina aliye mbele yake. Sisi tunaojivunia ustaarabu wa miaka elfu wa pwani tungewatazama watu hao vizuri kabla ya kuwaita wa bara.

Wako wanaosema kwamba foleni yenyewe ni ada ya Wazungu, ililetwa na serikali ya kikoloni pamoja na stempu na kodi, na kwamba sisi tuna desturi yetu ya kupishana kwa umri na heshima. Hoja hii ni dhaifu. Ukoloni ulileta foleni nyingi lakini haukuleta usawa wa foleni. Katika Nairobi ya kabla ya uhuru wa mwaka 1963 hoteli, hospitali na hata vyoo vilitengwa kwa rangi za watu, na Mwafrika hakuambiwa asimame nyuma ya Mzungu, aliambiwa aende mlango mwingine. Tena fikihi ilikwisha kuizungumza habari ya zamu karne nyingi kabla ya hapo. Wanavyuoni walijadili mahali pa kukaa sokoni pasipokuwa na mwenyewe, wakasema aliyewahi ndiye mwenye haki napo. Wakajadili maji ya mto yapitayo katika mashamba, nani anyweshe kwanza, na azuie kiasi gani kabla ya kumwachia wa chini yake. Na Mtume alikataza mtu kumwinua mwenziwe alipokaa ili akae yeye.

Wala hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Mama zetu walipokuwa wakiteka maji kwenye mfereji wa mtaa walipanga ndoo zao safu, wakaenda kukaa kivulini, na ndoo ikawa kama mwenyewe, hapana aliyeisogeza. Hivi leo Kibera, penye vibanda vya kuuzia maji, mitungi ya manjano ya plastiki hupangwa vivyo hivyo. Basi mwulize mama yeyote katika hao: mtu akiweka mtungi mmoja safuni, na zamu yake ilipofika akaja na mitungi kumi, je, ataachwa ateke? Atasikia maneno ambayo hatuwezi kuyaandika hapa. Bwana yule alikuwa na mtungi mmoja.

Twajua atakavyojibu, maana jibu lenyewe ni zuri kwa sura: kwamba aliwafanyia wema jamaa zake, kwamba aliwaepusha wanawake na watoto na jua, na kwamba kuunga udugu ni wajibu. Wema huo ungalikuwa wake lau angalitoa kitu chake. Yeye alitoa cha watu. Mwenye kumkaribisha mgeni kwa kuku wa jirani hakumkirimu mgeni, amemwibia jirani, hata kama kuku alipikwa vizuri na mgeni akashiba akaomba dua. Njia ya halali ilikuwako: wote wasimame tangu mwanzo, au asimame yeye, kisha ile nafasi moja aliyoisimamia ampe mmoja katika wao, naye abaki chini akiwatazama. Hapo atakuwa ametoa, kwa kuwa imemgharimu.

Na wale watoto wa dada zake tusiwasahau. Walikuwa chini ya mti wakichezea simu, wakaitwa, wakapanda, wakafurahi. Walichojifunza siku ile hawakuambiwa na mtu, na kwa hivyo hawatakisahau: kwamba foleni ni ya watu wasio na mjomba. Wakikua wakawa makarani, mmoja akakaa katika dirisha la ofisi ya ardhi na mwingine katika dirisha la hospitali, watawatazama waliosimama na wamtafute mjomba wao.

Kumdhuru usiyemwona ndiko kunakoua watu katika misongamano mikubwa. Tarehe 23 Oktoba 2010, katika uwanja wa Nyayo, Nairobi, watu saba walikufa siku ya mchezo wa Gor Mahia na AFC Leopards. Huko Mina mwaka 1990 mahujaji 1,426 walikufa katika handaki moja, na mwaka 2015 wakafa tena wengi. Asukumaye yuko nyuma, naye asukuma kidogo tu, kama wenziwe; afaye yuko mbele, na baina yao pana watu mia. Ukiwauliza wote, kila mmoja atakwambia alitaka kusogea hatua moja.

Twaja kwenye swali la pili, la tikiti ya bei kubwa. Hili ni gumu zaidi, na katika darsa hatukuafikiana upesi.

Jambo lenyewe si la Nairobi tu. Kiwanja mashuhuri cha Disneyland huko California, Marekani, kilifunguliwa tarehe 17 Julai 1955, na siku ya kwanza waliingia watu karibu 28,000, wengi wao kwa tikiti za bandia. Wenye viwanja kama hivyo wamehangaika na foleni tangu hapo. Mwaka 1999 Disney walianzisha kikaratasi cha zamu ambacho kila aliyelipa kiingilio aliweza kukipata bila ya nyongeza: waandikiwa saa, waenda kutembea, warudi saa yako ikifika. Huo ulikuwa mtungi wa mama zetu, ila umetiwa mashine. Mwaka 2021 mahali pake pakawekwa njia ya kulipia, ya wenye fedha ya ziada.

Wenzetu wawili walitoa mfano wa barabara. Tangu mwaka 2022 iko barabara ya kulipia ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ambayo katikati ya mji hupita juu ya msongamano wa Uhuru Highway. Anayelipa hupita juu, asiyelipa hubaki chini. Ikiwa hiyo yafaa, walisema, vipi tikiti ya mlango wa pili isifae?

Twaona kuwa vitu hivi viwili havifanani. Gari lipitalo juu halikumrudisha nyuma aliye chini. Huenda hata limempunguzia msongamano. (Kwamba nguzo zake zimeingia katika njia ya chini ni malalamiko mengine, nayo tumeyasikia.) Lakini gurudumu ni moja, na viti ni vile vile 12. Kila apitaye mlango wa pili hukalia kiti cha aliye mlango wa kwanza, ambaye naye amelipa. Mwenye kiwanja hakuuza kitu kipya. Ameuza mara ya pili kitu alichokwisha kukiuza. Mwenye jahazi akiunda jahazi la pili lenye mito na kivuli, akatoza nauli kubwa, hiyo ni biashara. Nahodha akimshusha abiria aliyekwisha kulipa ili ampakie tajiri, hiyo tuiite nini? Na tena kuna jambo hili: fedha hazikugawanywa sawa baina ya watu, wala nguvu, wala ujuzi, lakini kila mtu ana mwili mmoja wa kusimama nao. Kusubiri ni malipo ambayo maskini ayaweza sawasawa na tajiri. Ukiyabatilisha malipo hayo umemwachia maskini kitu gani cha kulipa?

Mwenzetu mmoja alipinga, na upinzani wake twauandika kwa kuwa una haki. Alisema: ikiwa bei na masharti yameandikwa wazi mlangoni, na kila aingiaye amesoma kwamba wenye tikiti kubwa watatangulia, basi aliyenunua tikiti ndogo amenunua zamu ya namna hiyo kwa radhi yake, na palipo na radhi hapana dhuluma. Neno hili hatukuweza kulivunja. Mwenye mali ana hiari katika mali yake. Ila twataka bayana iwe bayana kweli. Iandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, na isemwe katika viti kumi ni vingapi vya mlango wa pili. Baba wa watoto watano akijua kuwa ni sita, huenda akachukua shilingi zake akaenda kwengine. Kumficha ni ghushi, nayo ni ghushi ile ile ya muuza maziwa anayetia maji.

Hayo ni katika kiwanja cha mtu binafsi. Ardhi ya umma ina hukumu nyingine, na hapa twataka kukumbusha historia, kwani viwanja vya wazi vya Nairobi havikubaki wazi kwa bahati.

Katikati ya mji iko bustani ya Jeevanjee. A. M. Jeevanjee alikuwa mfanyabiashara Mwislamu wa Kibohora, mzaliwa wa Karachi, na ndiye aliyeanzisha gazeti la African Standard huko Mombasa mwaka 1902. Mwaka 1906 aliwapa watu wa Nairobi bustani ile wapumzike humo. Mwaka 1991, ilipotakiwa ijengwe, mjukuu wake, Bibi Zarina Patel, alisimama pamoja na wenziwe kupinga, na bustani ikabaki. Uhuru Park nayo ilifunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta tarehe 23 Mei 1969. Mwaka 1989 ilijulikana kuwa jengo la ghorofa 60 litajengwa humo; Profesa Wangari Maathai akaandika barua huku na huku, akatukanwa kwa ajili hiyo hata Bungeni, na mwisho jengo halikujengwa. Mwaka 2019 ramani ya ile barabara ya kulipia tuliyoitaja ilipotaka kumega ukingo wa bustani, watu walipiga kelele tena, na serikali ikarudi nyuma. Bustani ilifungwa mwaka 2021 ili itengenezwe, ikafunguliwa baadaye, na watoto wamo tena.

Twayataja haya katika suala la zamu kwa sababu mahali pa wazi na zamu ni vitu vya namna moja. Vyote viwili havina mwenyewe. Ni haki ya ajaye. Lau ghorofa zile 60 zingalijengwa, aliyedhulumiwa asingekuwa mtu mwenye jina wala hati. Angekuwa mtoto wa Makina aliyezaliwa miaka ishirini baadaye, akaja siku ya Idi akakuta ukuta, na asijue kuwa palikuwa na majani. Bwana yule wa kanzu, kwa kiasi chake kidogo, alitenda vivyo hivyo. Na ni ajabu ya watu wetu kuwa hukaa barazani tangu alasiri mpaka isha wakiwalaani wanyakuzi wa viwanja, kisha wakifika kwenye pembea wakanyakua. Kwa hivyo katika ardhi ya umma twaona mlango wa pili haufai kabisa, hata ukiandikwa kwa herufi kubwa namna gani. Aliyekodishwa kipande cha kuweka pembea zake hakukodishwa zamu za watu.

Yamebaki mambo madogo ambayo ndugu yetu aliyataja mwishoni mwa barua. Mzee, mgonjwa na mama mjamzito yafaa watangulizwe. Lakini ukimwingiza mtu mbele yako umemwingiza mbele ya wote walio nyuma yako, basi waulize, na kwa tulivyoona watu wakiulizwa kwa heshima hawakatai. Ukiona haya kuuliza, mpe nafasi yako wewe, kisha nenda mwisho. Aliyetoka kumpeleka mtoto chooni akarejea, nafasi yake ingali yake, na aliye nyuma amfungulie njia. Mkubwa anayepitishwa kwa sababu askari wa mlangoni ameulizwa, "Wamjua huyu ni nani?", jibu ni kuwa twamjua: ni mtu wa mwisho katika foleni. Na kijana anayelipwa ili amsimamie mtu hatuoni ubaya wake, kwa kuwa mwili mmoja uliingia safuni na mwili mmoja utapanda, na ujira wa miguu yake ni kama ujira wa hamali. Ila akisimama kwa ajili ya mmoja na wakaja tisa, na apande mmoja, na hao wanane wakasimame nyuma ya yule mtoto wa Kawangware.